Simu ya Mkononi na Dawa za Moyo: Kukumbushwa Pekee Hakutoshi

Mgonjwa wa moyo aliyelazwa hospitalini hahitaji kukumbuka dawa zake. Muuguzi hupita kwa saa zilizopangwa, humpa vidonge mkononi, husubiri avimeze na kuandika katika jalada lake. Ugumu huanza siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa na bahasha tatu au nne za dawa, tarehe ya kliniki na maelezo mengi aliyopewa kwa dakika chache. Kuanzia hapo, kazi iliyokuwa ikifanywa na wodi nzima hubaki mikononi mwake na mwa familia yake, na kwa magonjwa mengi ya moyo kazi hiyo ni ya maisha yote.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalisababisha vifo vya watu wapatao milioni 17.9 duniani mwaka 2019, sawa na asilimia 32 ya vifo vyote. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionesha kuwa takriban asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, hali ambayo ni chanzo kikubwa cha kiharusi, mshtuko wa moyo na moyo kushindwa kufanya kazi.

Dawa nyingi zinazozuia madhara hayo zinafahamika na zimetumika kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, ripoti ya WHO ya mwaka 2003 kuhusu ufuasi wa tiba za muda mrefu ilieleza kuwa hata katika nchi zilizoendelea ni takriban nusu tu ya wagonjwa wenye maradhi sugu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi zinazoendelea hali ni duni zaidi. Kwa maneno mengine, dawa hutoka dirishani lakini nyingi haziufikii mwili wa mgonjwa kwa wakati unaotakiwa.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa afya katika nchi mbalimbali wameigeukia simu ya mkononi. Chombo hiki kipo katika nyumba nyingi, hufanya kazi mchana na usiku, na humfikia mgonjwa aliye mbali na hospitali. Uzoefu uliopatikana hadi sasa unaonesha kuwa simu inaweza kusaidia kweli, ila msaada huo hutegemea sana jambo moja: iwapo upande wa pili wa simu kuna mtu anayesikiliza na kujibu.

Kwa nini wagonjwa huacha dawa

Ili kufahamu simu inaweza kusaidia wapi, ni vyema kwanza kufahamu sababu zinazowafanya wagonjwa waache dawa. Kusahau ni sababu mojawapo, hasa kwa wazee na kwa wale wanaotumia dawa za aina nyingi kwa saa tofauti. Lakini kusahau si sababu pekee.

Wapo wanaoacha kwa sababu wamepata nafuu. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, hivyo mtu anayejisikia mzima huona hana haja ya kuendelea kumeza vidonge. Baadhi huamini kwamba wamepona baada ya kipimo kimoja kuonesha shinikizo limeshuka, ilhali limeshuka kwa sababu ya dawa hizohizo anazotaka kuziacha.

Wapo wanaoacha kwa sababu ya maudhi ya dawa. Dawa za kupunguza maji mwilini, ambazo hutolewa kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri, humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Mgonjwa anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam anaweza kuamua kuiruka dawa siku ya safari, na siku hiyo ikawa mwanzo wa kuiacha kabisa. Baadhi ya dawa za kushusha shinikizo huleta kikohozi kikavu au kuvimba miguu, na mgonjwa asiyejua kwamba zipo dawa mbadala huona ni heri aache kuliko kuendelea kusumbuka.

Wengine huacha kwa sababu ya gharama na umbali. Dawa zinapoisha kabla ya tarehe ya kliniki, au zinapokosekana katika kituo cha karibu, wapo wanaogawa kidonge kimoja mara mbili ili kivuke wiki. Vilevile wapo wanaohamia kwenye tiba za mitishamba, au wanaoambiwa na watu wanaowaamini kwamba wameshapona, nao huona aibu kumweleza daktari.

Madhara ya kuacha hutofautiana kwa kila dawa, lakini baadhi yake hujitokeza haraka. Mgonjwa aliyewekewa kizibuo katika mshipa wa moyo akiacha mapema dawa za kuzuia damu kuganda, mshipa huo unaweza kuziba tena ghafla. Aliyewekewa valvu bandia ya chuma hutakiwa kutumia dawa aina ya warfarini maisha yake yote. Akitumia pungufu, damu inaweza kuganda kwenye valvu au kumsababishia kiharusi, na akizidisha, anaweza kuvuja damu ndani ya mwili. Zipo pia dawa za kupunguza kasi ya mapigo ya moyo ambazo zikikatishwa ghafla huweza kuleta maumivu ya kifua au kupandisha shinikizo kwa haraka.

Kengele ya simu inaweza kuondoa sababu ya kwanza pekee, yaani kusahau. Sababu nyingine zote zinahitaji mazungumzo.

Matokeo ya tafiti

Mwaka 2014, jarida la PLoS ONE lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika London, Uingereza, kwa wagonjwa 303 waliokuwa wakitumia dawa za kushusha shinikizo la damu au za kupunguza lehemu. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi wa maneno kila siku kwa wiki mbili, kisha kwa kuruka siku moja moja kwa wiki mbili nyingine, na baadaye mara moja kwa wiki hadi miezi sita ilipotimia. Ujumbe huo ulimtaka mgonjwa ajibu iwapo ametumia dawa, iwapo ujumbe ndio uliomkumbusha, na kama hakutumia, aeleze sababu.

Baada ya miezi sita, miongoni mwa wasiotumiwa ujumbe, asilimia 25 walikuwa wakitumia chini ya asilimia 80 ya dawa walizoandikiwa. Kwa waliotumiwa ujumbe, kiwango hicho kilikuwa asilimia 9. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wagonjwa 20 kati ya 151 waliotumiwa ujumbe walikuwa wameacha dawa kwa kuhofia madhara yake au kutilia shaka faida yake, nao wakarejea kwenye tiba. Hawa hawakuwa wamesahau. Walikuwa na hoja, wakapata nafasi ya kuieleza na mtaalamu wa kuwajibu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, ingawa haukuhusu ugonjwa wa moyo. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010 ulihusisha watu 538 walioanza kutumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Kila wiki, nusu yao walitumiwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", pamoja na aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya miezi 12, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wakifuata dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wasiotumiwa. Waliokuwa na virusi vilivyofubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya asilimia 48.

Ujumbe ule haukutaja dawa wala ugonjwa, na haukumwamuru mgonjwa afanye lolote. Ulimuuliza hali, kisha ukampa njia ya kusema kwamba mambo si mazuri. Tiba ya virusi vya UKIMWI na tiba ya moyo zinafanana katika jambo la msingi: zote ni vidonge vya kila siku, vya maisha, ambavyo mtu huvimeza hata anapojisikia mzima.

Zipo pia tafiti ambazo matokeo yake yalikuwa madogo, nazo zina funzo. Huko Cape Town, Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha wagonjwa 1,372 wa shinikizo la juu la damu. Kundi moja lilitumiwa ujumbe wa taarifa na ukumbusho bila kutakiwa kujibu. Kundi jingine liliweza kujibu, lakini majibu yake yalishughulikiwa na mfumo wa kompyuta uliompa mgonjwa machaguo, kama vile kubadili tarehe ya kliniki. Baada ya mwaka mmoja, shinikizo la waliotumiwa ujumbe wa taarifa lilikuwa limeshuka kidogo zaidi ya lile la wasiotumiwa ujumbe kabisa, kwa wastani wa takriban milimita 2 za zebaki. Waliokuwa wakijibiwa na kompyuta hawakufanya vizuri kuliko wale waliokuwa wakipokea taarifa tu.

Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia wagonjwa 1,424 kutoka hospitali 18 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo au hali inayokaribiana nao. Baadhi yao walitumiwa ujumbe wa elimu na ukumbusho kwa mwaka mmoja. Matokeo hayakuonesha tofauti ya maana katika utumiaji wa dawa kati yao na wagonjwa waliopata huduma ya kawaida.

Tafiti hizi zilifanyika katika mazingira tofauti na kwa wagonjwa wa aina tofauti, hivyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Pamoja na hayo, zinatoa tahadhari kwa yeyote anayedhani kwamba kununua mfumo wa kutuma ujumbe kwa wagonjwa wengi kwa pamoja kunatosha. Pale ambapo shida ya mgonjwa ilimfikia muuguzi au mtaalamu mwingine aliyeweza kuishughulikia, simu ilikuwa na msaada ulioonekana wazi zaidi.

Hali ya Tanzania

Tanzania ina msingi wa kuanzia. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonesha kuwa hadi mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu nchini zilikuwa zimezidi milioni 70. Idadi hiyo haina maana kwamba kila mtu ana simu, kwa kuwa wengi wana laini zaidi ya moja, lakini inaonesha kuwa mawasiliano yamefika karibu kila kona ya nchi.

Aidha, kutumia ujumbe mfupi kwa ajili ya afya si jambo geni. Novemba 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianzisha huduma ya ujumbe wa bure kwa wajawazito na familia zao, ambapo mtu alijiunga kwa kutuma neno MTOTO kwenda namba 15001 na kupokea maelekezo kulingana na umri wa mimba. Huduma hiyo ilionesha kuwa wananchi wako tayari kupokea ushauri wa afya kwa Kiswahili kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti.

Kwa upande wa matibabu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 baada ya kuwa sehemu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, hupokea wagonjwa kutoka mikoa yote. Upasuaji wa moyo na uzibuaji wa mishipa, ambao zamani uliwalazimu wengi kusafirishwa nje ya nchi, sasa hufanyika Dar es Salaam. Mafanikio hayo yanaongeza uzito wa suala la dawa, kwa sababu mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji hurudi kwao Kigoma, Ruvuma au Mara, na huko ndiko matokeo ya upasuaji wake yanakolindwa au kupotea.

Makundi mawili yanaweza kunufaika mapema na huduma ya simu. La kwanza ni wanaotumia warfarini, ambao hutakiwa kupima damu mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Kwao, ujumbe unaowakumbusha siku ya kipimo na simu ya muuguzi kuhusu dozi mpya vinaweza kuzuia kiharusi au kuvuja damu. Wanawake walio katika umri wa kuzaa wanaotumia dawa hii wanahitaji pia njia rahisi ya kuwasiliana na kliniki mapema wanapopanga ujauzito, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

La pili ni watoto na vijana wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri. Hawa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili homa hiyo isirudi na kuendelea kuharibu valvu. Ratiba ya aina hii husahaulika kwa urahisi kuliko kidonge cha kila siku, kwa sababu haijengi mazoea. Ujumbe kwa mzazi siku mbili kabla ya sindano una nafasi kubwa ya kuleta tofauti.

Ujumbe unaoeleweka

Mafanikio ya huduma kama hii hutegemea pia lugha. Jambo la kwanza ni saa. Mtanzania anapoambiwa ameze dawa saa 2 usiku, simu yake husoma 20:00. Asiyezoea, akiweka kengele saa 2:00 kama alivyoambiwa, italia saa 8 usiku wa manane, naye ataizima na kuikasirikia. Mhudumu anayemsaidia mgonjwa kuweka kengele hana budi kuiweka yeye mwenyewe au kuhakikisha imewekwa kwa saa sahihi, na ujumbe wowote unaotaja saa useme wazi "asubuhi baada ya chai" au "usiku kabla ya kulala".

Jambo la pili ni alama za dozi. Maandishi kama 1x2 au 2x1 yaliyozoeleka kwenye bahasha za dawa huwachanganya wagonjwa wengi. Ujumbe unapaswa kusema "kidonge kimoja asubuhi, kidonge kimoja usiku".

Jambo la tatu ni heshima. Salamu ya "Mambo?" ilifaa katika utafiti wa Kenya, lakini wagonjwa wengi wa moyo ni watu wazima na wazee. Mzee wa miaka 70 mkoani Tanga au Kagera akiamkiwa "Mambo?" na kituo cha afya anaweza kuona amevunjiwa heshima, asijibu. Kwake, "Shikamoo" au "Habari za wiki hii" hufungua mlango vizuri zaidi. Majibu yabaki mafupi, SAWA au SHIDA, ili hata mwenye simu ya kitochi aweze kuyaandika. Kwa asiyejua kusoma au mwenye macho hafifu, simu ya sauti inafaa kuliko maandishi.

Ni muhimu pia huduma ifuate kalenda ya maisha ya watu. Kabla ya mwezi wa Ramadhani, wagonjwa waliokusudia kufunga wakumbushwe kumwona daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa zinaweza kupangwa upya kati ya futari na daku, na wapo wagonjwa ambao hali yao haiwaruhusu kufunga. Kuzipanga upya bila ushauri, au kumeza dozi ya siku nzima kwa mara moja wakati wa futari, ni hatari.

Siri na usalama

Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kituo kinachotaka kuwatumia wagonjwa ujumbe kinapaswa kupata ridhaa yao, kuwaeleza namba zao zitatumikaje, na kuhakikisha taarifa hizo hazimfikii asiyehusika. Katika familia nyingi simu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, hivyo ujumbe usiotaja ugonjwa wala jina la dawa ni salama zaidi. Vilevile, namba zihakikiwe kila mgonjwa anapofika kliniki, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine.

Hatari nyingine ni matapeli. Wananchi wengi wamewahi kupokea ujumbe unaowataka watume fedha kwenye namba fulani, na mgonjwa mwenye hofu anaweza kudanganyika kwa urahisi. Kanuni iwe wazi tangu siku ya kwanza: ujumbe wa kukumbusha dawa hauombi fedha wala namba ya siri, na haumwambii mgonjwa anunue dawa kwa mtu binafsi. Namba inayotumiwa na kituo itangazwe kliniki na kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo.

Nani atapiga simu

Gharama kubwa ya huduma hii ni muda wa wahudumu, na hapo ndipo mipango mingi inaweza kukwama. Ikichukuliwa mfano wa kliniki yenye wagonjwa 400 wanaoulizwa hali mara moja kwa wiki, iwapo mmoja kati ya kumi atajibu SHIDA au kukaa kimya, zitahitajika simu 40. Kila simu ikichukua dakika tano, kazi hiyo itahitaji saa tatu na dakika 20 kila wiki. Muda huo si mwingi, lakini usipotengwa rasmi katika ratiba ya muuguzi au mfamasia, simu hizo hazitapigwa. Mgonjwa aliyesema SHIDA na asijibiwe hatasema mara ya pili.

Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa na Serikali Januari 2024, unatoa nafasi ya kuunganisha simu na miguu. Mgonjwa asiyepatikana hewani kwa wiki mbili anaweza kutembelewa nyumbani na mhudumu anayemfahamu. Huenda simu imeharibika, huenda hana chaji, au huenda amezidiwa. Hilo haliwezi kujulikana kwa kutuma ujumbe mwingine.

Ni lazima pia mhudumu anayepiga simu awe na la kufanya anaposikia tatizo. Akiambiwa dawa inaleta kikohozi, amfikishie daktari ili ibadilishwe. Akiambiwa dawa zimekosekana kituoni, aweze kumwelekeza mgonjwa zinakopatikana. Dawa isiyopo haiwezi kumezwa hata ikikumbushwa mara kumi kwa siku.

Yanayowezekana leo

Wakati huduma rasmi zikiendelea kujengwa, mgonjwa na familia yake wanaweza kuanza na simu waliyo nayo. Karibu kila simu, hata ya kitochi, ina kengele inayoweza kujirudia kila siku. Kengele iwekwe wakati mtu huwa nyumbani, karibu na jambo alilolizoea, kama vile chai ya asubuhi au taarifa ya habari ya usiku. Ikilia, isizimwe kabla ya dawa kumezwa. Kengele ya pili iwekwe wiki moja kabla dawa hazijaisha, ili kuwe na muda wa kuzifuata.

Kila mgonjwa aombe namba ya kliniki yake na kuihifadhi, pamoja na namba ya ndugu mmoja aliyekubali kumfuatilia. Mtoto aliye mjini anayempigia mzazi wake kijijini kila Jumapili anaweza kuuliza maswali mawili ya ziada: dawa zimebaki ngapi, na zinakusumbua vipi? Swali la "umemeza dawa?" hujibiwa "ndiyo" kwa urahisi, hata pale ambapo si kweli. Swali linalomruhusu mzazi kueleza usumbufu hutoa ukweli mapema.

Mwenye simu yenye kamera apige picha ya bahasha zote za dawa, ili hata akifika kituo kingine akiwa hoi, mhudumu ajue anatumia nini. Aliyesahau dozi moja asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia, bali aulize kliniki. Asiache dawa kwa sababu ya maudhi kabla ya kuzungumza na mtaalamu. Maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono kulegea au kushindwa kuongea ghafla si mambo ya kuandikiwa ujumbe na kusubiri jibu. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Novemba 2019, Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, ukiwa ishara kwamba magonjwa haya yanahitaji mfumo wa kudumu wa ufuatiliaji, kama ule uliojengwa kwa miaka mingi katika Vituo vya Tiba na Matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Simu ya mkononi ni sehemu ndogo na ya gharama nafuu ya mfumo huo. Vituo vitakavyoamua kuitumia vina uamuzi mmoja wa kufanya kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza: kumteua, kwa jina na kwa saa za kazi, mtu atakayempigia mgonjwa aliyejibu SHIDA.